Mjapani Alipouliza Habari za Ikigega

Kibondo, kambi ya wajenzi wa barabara
Jumapili, mwezi wa saba, kabla ya chakula cha mchana

Odeta mwanangu,

Mahindi yamevunwa mara mbili tangu nitoke Rungwe Mpya, na mara zote mbili mmevuna bila mimi. Naanza na hilo kwa sababu ni jepesi kuliandika. Mengine ni mazito. Siumwi. Nimeshtuka tu, na mshtuko wenyewe haujanitoka.

Dereva wa lori la saruji anaondoka hapa saa nane kwenda Kasulu. Ameahidi atapita nyumbani jioni akukabidhi barua hii mkononi, asimpe mtu mwingine. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe utasema "sawa baba", na mimi nitasema "haya mwanangu", halafu mtandao utakatika, na kesho alfajiri utapanda basi. Hiyo "sawa baba" yako ndiyo ninayoiogopa.

Habari za begi, za chakula cha njiani na za watu wa stendi sitakuandikia. Mama yako ameshakuambia, na anazijua kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza jambo lililonipata hapa kazini. Lilianza kama kichekesho, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nikacheka na mimi. Sasa sicheki tena.

Kazi yangu unaijua. Napasua mawe kwenye machimbo yaliyo juu ya barabara, pale kilima kilipokatwa. Mkubwa wa kazi ni mzee mmoja Mjapani, mwembamba, mwenye nywele nyeupe. Sisi vibarua tunamwita Mzee Sawasawa, kwa sababu ndilo neno la Kiswahili analolipenda. Ukimsalimia, sawasawa. Jiwe likimwangukia mguuni, sawasawa. Kati yake na sisi yuko Rashidi, msimamizi wetu, kijana wa Dar es Salaam anayejua Kiingereza. Mzee anasema Kiingereza, Rashidi anatuambia Kiswahili, na sisi wenyewe tukiwa peke yetu tunasema Kiha. Ndivyo maneno yanavyopanda na kushuka hapa kila siku.

Basi siku moja, saa ya chai, Mzee Sawasawa alikuja kukaa nasi juu ya mawe na kikombe chake. Mashine ya kusaga kokoto ilikuwa inanguruma. Akasema maneno marefu, akitutazama mmoja mmoja. Rashidi alikuwa na andazi mdomoni. Akatuambia hivi:

"Wazee, mzee anauliza. Anataka kila mtu aseme habari za ikigai yake. Ikoje, anayo, hana."

"Iki-nini?" akauliza Jeradi. Huyu Jeradi ni mtu wa Heru Juu, mdomo wake haupumziki hata akilala.

"Ikigai! Ikigai! Mnaijua au hamwijui?"

Tukatazamana. Mashine inapiga kelele, Rashidi anatafuna, na sisi masikio yetu ni ya Waha. Sote tulisikia neno moja: ikigega. Kile kihenge cha fito cha kuwekea mahindi, kile unachokijua, kilichokuwa kando ya jiko letu.

Jeradi akasimama kabisa. "Jamani! Mjapani anajua Kiha!"

Hujawahi kuona watu wazima wakifurahi hivyo. Mtu ametoka ng'ambo ya dunia, anakaa nasi kwenye mawe, anatuuliza habari za vihenge vyetu kwa jina la Kiha lenyewe. Kila mtu alitaka kujibu wa kwanza.

"Mwambie changu kimeliwa na panya," akasema Jeradi. "Wamekitoboa chini, sikujua. Nimekuja kushtuka kimebaki ganda."

Rashidi akamtazama, akameza andazi, akamwambia mzee kwa Kiingereza. Mzee akaacha kunywa chai.

Akafuata Bukuru, yule pacha niliyekwambia kwamba amefiwa na mwenzake. "Changu kizima, namshukuru Mungu. Lakini mke wangu amekihamishia kwa mama yake. Tukigombana, sikipati."

Rashidi akatafsiri. Mzee Sawasawa akamtazama Bukuru kwa huruma kubwa mno, mpaka Bukuru mwenyewe akaona haya, akaongeza, "Mwambie lakini tukipatana anakirudisha."

Ikawa zamu yangu. Nilisema ukweli, mwanangu, sikujua nasema nini. Nikasema, "Mimi sina. Nilikibomoa mwenyewe. Fito zake nikazifanya kuni."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini kwenye vumbi. Akauliza kwa kupitia Rashidi, "Na tangu hapo unaishi vipi?"

"Kwa kubahatisha. Siku kwa siku."

"Huna mpango wa kujenga kingine?"

"Kwa umri huu? Cha nini? Watoto wenyewe wanaondoka."

Mzee akainuka. Akatembea mpaka nilipokaa, akaishika nyundo yangu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaondoka nayo. Mchana ule ule nikaambiwa nisipande tena machimboni. Nishuke kwenye mtaro, chini, mahali pasipo na genge la kuangukia. Na Rashidi akawa ananifuata kila ninakokwenda. Nikienda kunywa maji, yupo. Nikienda chooni, yupo nje, anapiga mluzi.

"Hata chooni, Rashidi?"

"Hata chooni, mzee. Ni amri."

Nikajua nimefukuzwa kazi, wanatafuta namna ya kuniambia. Usiku ule nilihesabu makosa yangu yote tangu nilipofika hapa, sikuona kosa la kunyang'anywa nyundo. Asubuhi Jeradi akanikuta na sura ya msiba, akasema, "Mwenye kuni, umeamkaje?" Nikampita. Nikamwendea Rashidi, nikamshika mkono, nikamwambia, "Kijana, mimi ni sawa na baba yako. Niambie nimekosa nini."

Akashangaa. "Mzee, si ulisema mwenyewe huna sababu ya kuishi?"

"Nani? Mimi?"

"Mbele ya watu wote. Ulisema ulikuwa nayo ukaibomoa mwenyewe, ukaichoma moto. Tena Jeradi yake imeliwa na panya. Mimi nilidhani ni mafumbo yenu ya Kiha, nikatafsiri hivyo hivyo. Mzee hajalala."

"Rashidi! Ikigega! Kihenge! Kihenge cha mahindi!"

Alikaa chini barabarani, pale pale kwenye kifusi. Akacheka mpaka machozi, akawaita wenzake, akarudia hadithi yote, na kambi nzima ikacheka. Jeradi alikuwa anapita kwa watu akisema, "Panya wamekula sababu yangu ya kuishi! Nisaidieni mtego!" Hata leo kanisani alikuwa analisema, katikati ya sala.

Mimi nilikuwa nacheka na wenzangu. Halafu, sijui ilikuwaje, nikauliza katikati ya kicheko, "Sasa hilo neno la mzee lina maana gani hasa?"

Rashidi akajifuta macho. "Ni kile kinachokufanya uamke asubuhi, mzee. Kile kinachokufanya uone leo napenda niwepo. Wajapani wanasema kila mtu anacho chake, anatakiwa akitafute akijue."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka, Odeta. Maana nilirudisha nyuma maneno yangu ya jana, moja moja, nikayaweka kwenye swali lenyewe. Sina. Nilikibomoa mwenyewe. Naishi kwa kubahatisha. Cha nini, watoto wanaondoka. Nilikuwa najibu habari za kihenge, na kumbe sikuwa nimedanganya hata neno moja. Mtu anakuuliza jambo dogo la mahindi, wewe unamwambia maisha yako yote bila kujua, na mzungumzaji ni wewe mwenyewe!

Mzee alipoelezwa, alicheka hadi akakohoa. Nyundo yangu akanirudishia, akainama. Halafu akauliza tena, polepole, akimwangalia Rashidi kwamba safari hii atafsiri vizuri: na ile yenyewe, ya kweli, ni ipi?

Nikajibu haraka, kwa sababu jibu ninalo siku zote. "Binti yangu. Anakwenda chuo cha uuguzi. Navunja mawe kwa ajili yake."

Mzee akafikiri. Akasema, "Binti ni mtu. Yeye atakuwa na yake. Nakuuliza yako."

Nilikasirika sana. Nikamwambia Rashidi amwulize yeye yake ni nini, huyu mwenye gari na miwani, anayejua sababu za watu kuishi. Mzee hakuchukia. Akasema yake ni mtungi. Anachachua mboga ndani ya mtungi, figili na kabeji na chumvi, na kila asubuhi anaamka akitaka kuonja zimefikia wapi. Hata hapa Kibondo anao mtungi chini ya kitanda.

"Mtungi wa mboga?" Rashidi akauliza mara mbili, akidhani ameharibu tena. "Basi?"

"Basi," akasema mzee. "Na mawe yakikaa vizuri. Na zamani kulikuwa na mke wangu akicheka. Si lazima kiwe kikubwa. Si lazima kilipe. Lakini lazima kiwe chako. Ukimpa mwingine akubebee, anachoka yeye na wewe hupati kitu."

Sikulala vizuri na maneno hayo. Nilikuwa nayachukia. Mimi nimefanya kazi tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nimechemsha chumvi Uvinza, nimekausha tumbaku Urambo, nimepasua mbao msituni, na kokote nilikokwenda nilisema neno lile lile: ni kwa ajili ya fulani. Kwanza kwa ajili ya baba yangu, aliyevuka kutoka Burundi hana hata chungu. Halafu kwa ajili ya mama yako. Halafu yako wewe na wadogo zako. Niliona ni neno zuri. Ni zuri kweli, silitukani. Lakini sasa naona lilikuwa pia linanipumzisha. Mtu akisema "kwa ajili ya fulani", haulizwi tena kitu. Hajiulizi tena kitu. Nimezunguka nchi hii miaka yote hiyo na sijawahi kujiuliza hata mara moja kama nilipenda chumvi au nilipenda mbao. Ungeniuliza ningekucheka.

Sasa sikia lingine lililonishtua. Wameniacha kule kule kwenye mtaro. Mzee hakunirudisha machimboni, sijui kama bado ana wasiwasi na mimi. Kazi ya mtaro ni kupanga mawe kwenye kingo ili maji ya mvua yasile barabara. Unachukua jiwe, unaligeuza, unatafuta uso wake, unaliketisha karibu na jirani yake. Wiki iliyopita niliamka kabla ya king'ora. Nikavaa, nikatoka, nikatembea peke yangu mpaka mtaroni, nikasimama kwenye umande nikitazama mstari nilioupanga jana kama umenyooka. Nikajishtukia mwenyewe. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilidhani naumwa. Mimi, niliyeamshwa na king'ora na matusi maisha yangu yote, nimetoka kitandani bila kuitwa, kwenda kutazama mawe! Sijamwambia mtu isipokuwa wewe. Jeradi akijua, nimekwisha.

Sasa nafika kwako.

Ijumaa nilikupigia. Unakumbuka nilikuuliza swali la kijinga, kama unaupenda uuguzi. Nikasikia kuku wa nyumbani, nikamsikia mdogo wako akiita, halafu ukasema, "Nakwenda kwa ajili yako, baba. Usijali." Ulisema kwa upole, ulitaka kunifurahisha. Na mwezi mmoja nyuma ningefurahi, ningewasimulia vibarua wote.

Ijumaa ilikuwa kama nimepigwa na jiwe kifuani. Nilisimama na simu sikioni, wewe umeshakata. Mimi navunja mawe kwa ajili yako. Wewe unakwenda chuo kwa ajili yangu. Nikajiuliza, sasa kati yetu sisi wawili, anayeishi ni nani?

Nikampigia mama yako. Nikambana. Mwanzo alisema, "Baba Odeta, mwache mtoto aende, usimvuruge." Nikazidi kumbana. Ndipo akaniambia habari za Kigoma. Kwamba uliitwa. Kwamba kuna mafunzo ya wakalimani, watu wa kutafsiri hospitalini, mahakamani na kwenye kambi za wakimbizi, na ulifanya mtihani wao wa Kirundi na Kiswahili na kile Kiswahili cha Wakongo chenye Kifaransa ndani, na ukapita. Wanaanza wiki hii hii. Na wewe ukawajibu hapana, ukamwambia mama yako nisijue, kwa sababu nimeteseka sana kwa ajili ya uuguzi.

Nilikaa chini, Odeta. Umepita mtihani, na ukanificha kama vile umeiba.

Halafu nikakumbuka siku ya ejo. Sijui kama wewe unaikumbuka. Ulikuwa kidato cha pili. Ulitoka na mama yako sokoni Nyarugusu kuuza mawese, mkapita kwenye zahanati moja ndogo njiani, mdogo wako alikuwa na homa. Kulikuwa na mama wa Kirundi na mtoto mgongoni, na nesi mgeni, binti wa Kilimanjaro, amefika juzi tu. Nesi akamwuliza huyo mama, mtoto dawa lini? Mama akajibu, ejo. Mtu mmoja pale akamwambia nesi, anasema kesho. Nesi akajua mtoto hajanywa bado. Na wewe ukaruka kwenye benchi ukasema, "Hapana dada! Ejo hii ni ya jana! Kwetu jana na kesho ni neno moja, lazima umsikilize mtu anavyolisema! Ameshakunywa jana!"

Ulifika nyumbani unakimbia, umemwacha mama yako nyuma na dumu la mafuta. Sijapata kukuona na uso ule kabla wala baada. Ulisema, "Baba, neno moja! Neno moja tu, baba! Ejo!" Ukawa unalisema hivi na hivi, ya jana na ya kesho, unacheza na sauti, unaniuliza hii ni ipi, na hii ni ipi? Na mimi nilikuwa nanoa jembe. Sikuinua hata kichwa vizuri. Nikasema, "Basi Mungu amekuonyesha. Utakuwa nesi."

Ukanyamaza. Nami nikadhani umekubali.

Nilikuwa pale, mwanangu. Nilikuona kwa macho yangu unawaka, nikadhani ni kwa sababu ya zahanati, ya dawa, ya koti jeupe la nesi. Kumbe ulikuwa unawaka kwa sababu ya neno. Nilisikia ikigega pale ulipokuwa unasema ikigai, nami sikuwa na mashine ya kokoto ya kusingizia, tulikuwa wawili tu uani na palikuwa kimya. Na tangu siku hiyo nimekujengea maisha juu ya nilichosikia vibaya, nikaondoka nyumbani, nikaja kupasua mawe, na wewe ukaona baba anavyochoka, ukafunga mdomo. Mara ngapi nilikwambia, ulipokuwa unaiga Kiswahili cha Wakongo na watu wanacheka, "Kusema ni kazi? Mdomo kila mtu anao." Nilikwambia hivyo. Hapa Kibondo nimeona kwa macho yangu mwenyewe mdomo wa mtu mmoja, wenye andazi ndani, ukimfanya mzee wa watu akose usingizi, na mimi nifuatwe chooni. Angekuwepo mtu kama wewe pale kwenye mawe, angesema, "Hapana baba, hakuulizi kihenge."

Siandiki haya ili nikuamrishe uache uuguzi. Nitakuwa nimekusikia vibaya mara ya pili. Huenda uuguzi unaupenda pia. Huenda ukiwa nesi utakuwa nesi anayejua ejo ni ipi, na huyo ni nesi mzuri kuliko wengi. Na sitakudanganya, njia ya uuguzi ina uhakika zaidi. Hapa kila mtu anasema wakimbizi wa kambi ya Nduta wanapungua, wanarudishwa kwao, na kazi ya kambini inaweza kwisha mtu hajajipanga. Mahakama na hospitali zitabaki, lakini zitakuajiri au hazitakuajiri, mimi sijui. Mama yako anaogopa hilo, na ana haki. Mimi pia naogopa. Nimeogopa tangu Ijumaa, sijala vizuri, Bukuru anadhani nimepokea habari za kifo.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni hiki. Usifike umri wangu, mgeni akakuuliza swali dogo wakati wa chai, na wewe ukajikuta unasema, sina, nilikibomoa mwenyewe. Na walio karibu nawe wakacheka kwa sababu hawakusikia. Mimi nimelijua hilo sasa, mgongo umeshachoka, mikono imekuwa kama magome, na nimebahatika nimepata kipande cha mtaro. Wengine hawapati hata hicho. Nimemwona baba yangu akifa hajawahi kuulizwa anapenda nini. Sijui alipenda nini. Hilo nalo nimelijua Ijumaa, kwamba sijui, na hakuna wa kumwuliza tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na si agizo. Lile neno "kwa ajili yako, baba" uliloniambia, nakurudishia. Sikuchukia kulipata. Lakini usipande nalo basi. Ada ya chuo cha Tabora iliyolipwa imelipwa, nimeshaitoa mkononi na moyoni, isikufunge miguu. Usihesabu mawe yangu. Mawe nayapenda sasa, nimeshakwambia, ni siri yetu.

Kesho alfajiri stendi ya Kasulu kuna basi la Tabora, na kuna basi la Kigoma, na yote mawili yanaondoka karibu wakati mmoja. Mama yako anajua kwamba nimekuandikia, nimemwomba asikwambie neno njiani, akusindikize tu, abebe begi, anyamaze. Amelia kidogo kwenye simu, halafu amekubali. Ukifika pale, simama. Usifikirie uso wangu. Fikiria uso wako wa siku ile ya ejo, ujiulize uliuacha wapi, ni basi gani linaelekea huko. Kama ni la Tabora, panda na uketi dirishani, uende kwa nguvu zote. Kama ni la Kigoma, wapigie ukiwa njiani kabla hawajampa mtu mwingine nafasi, waambie baba yako alikuwa amesikia vibaya. Watakuelewa. Ndiyo kazi yao.

Usinipigie kesho kuniambia. Sitaki nikusikie ukitafuta sauti ya kunifurahisha. Naijua hiyo sauti sasa.

Mtaro wangu lazima ufike kwenye daraja dogo kabla mvua hazijaanza, na mzee ameniomba nisiuache njiani. Nami sitaki kuuacha. Basi nategemea kurudi nyumbani mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikigusa udongo, niwahi kupanda maharage na mama yako. Sitakukuta, najua. Nitaoga, nitakula, halafu nitamwuliza mama yako ulipanda basi gani. Na jibu lolote atakalonipa, nitalala.

Ni mimi baba yako,
Zebedayo